Ofisi ya Uwakilishi ya Taipei: ubalozi usioitwa ubalozi

SWALI: Wakili, salaam. Binti yangu amepata nafasi ya chuo kikuu huko Taiwan. Barua ya chuo inataka vyeti vyake vithibitishwe na "Ofisi ya Uwakilishi ya Taipei", na viza aombe hukohuko. Mimi nimezoea balozi ndogo za Burundi na Kongo hapa Kigoma, zina bendera na kila mtu anazijua. Nikiulizia hii ya Taipei naambiwa Taiwan haina ubalozi Tanzania. Kuna kijana anasema nimpe pasipoti na vyeti halisi, yeye atamalizana na watu wake. Je, ofisi hiyo ni halali? Muhuri wake una nguvu? Na mtoto akipatwa na jambo kule, nani atamtetea? – Baba wa binti, Ujiji.

JIBU: Shikamoo baba, na hongera kwa malezi. Kabla sijaingia kwenye sheria: huyo kijana usimpe pasipoti wala cheti halisi hata kimoja. Vyeti vikipotea mikononi mwake, miaka yote ya shule ya binti itabaki kuwa maneno matupu.

Ofisi unayoiulizia ipo kweli, na inafanya kazi ya ubalozi mdogo kila siku: inatoa viza, inathibitisha nyaraka, inahudumia watu wake walio ugenini. Isichokuwa nacho ni jina la ubalozi na kinga inayokuja na jina hilo.

Ubalozi mdogo wa Burundi unaoufahamu hapa mjini unasimama juu ya Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu uhusiano wa kikonseli, yaani kazi za balozi ndogo. Mkataba huo unasema ofisi ya namna hiyo hufunguliwa kwa ridhaa ya nchi mwenyeji tu, na kifungu cha 5 kinataja kazi zake, zikiwemo pasipoti, viza, uthibitishaji wa nyaraka na kuwasaidia raia. Lakini ni mkataba kati ya dola na dola. Dola moja isipoitambua nyingine, haupati pa kushika.

Serikali mbili, ya Beijing na ya Taipei, mji mkuu wa Taiwan, zilidai kila moja kuwa ndiyo China, na sisi tulichagua mapema. Tanganyika ilianza uhusiano na Beijing tangu Desemba 1961. Tarehe 25 Oktoba 1971, Umoja wa Mataifa ulipopitisha Azimio 2758 kwa kura 76 dhidi ya 35 na kuikabidhi Beijing kiti cha China, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoliwasilisha, na balozi wetu pale New York alikuwa Salim Ahmed Salim. Ndiyo maana hutaona bendera ya Taipei juu ya jengo lolote la ubalozi Dar es Salaam. Barani Afrika imebaki Eswatini peke yake yenye uhusiano rasmi na Taipei.

Ila biashara, ndoa na masomo havikusimama. Japani, ilipohamia Beijing mwaka 1972, ilifunga ubalozi wake Taipei na badala yake ikaanzishwa jumuiya ya kibinafsi ya kushughulikia mambo yaleyale. Marekani ilifuata njia hiyo, na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo ufundi wa kisheria unapoonekana vizuri zaidi. Iliitambua Beijing tarehe 1 Januari 1979, na Aprili mwaka huohuo ikatunga sheria kuhusu Taiwan. Chombo cha kuitekeleza, American Institute in Taiwan, kiliandikishwa Washington kama shirika binafsi lisilotafuta faida. Mtumishi wa serikali aliyepelekwa huko alitengana na utumishi kwa muda wake wa kazi, kisha sheria ikamhakikishia kurudi bila kupoteza haki zake. Kifungu cha 7 kinawapa wafanyakazi wa shirika hilo mamlaka ya kuapisha watu, kuthibitisha nyaraka, kutunza kwa muda mali ya Mmarekani aliyefia kule, na kufanya mengine ambayo ofisa wa konseli angefanya, na matendo hayo yana nguvu ileile.

Umeona ilivyokaa, baba? Nguvu ya muhuri haitoki kwenye bendera iliyo mlangoni. Inatoka kwenye sheria ya nchi itakayoupokea. Muhuri wa Ofisi ya Uwakilishi ya Taipei una nguvu Taiwan kwa sababu serikali ya Taiwan yenyewe ndiyo iliyoituma ofisi hiyo na kuipa madaraka. Chuo cha binti kitaupokea, na hilo halihitaji Tanzania iitambue Taiwan.

Jina "Taipei" nalo lisikutie shaka. Nchi mwenyeji nyingi huruhusu jina la mji, maana kuandika "Taiwan" au "Jamhuri ya China", jina lake rasmi, huchukuliwa kama dalili ya kuitambua. Lithuania iliruhusu jina la "Taiwan" mjini Vilnius mwaka 2021, na Beijing ikashusha ngazi ya uhusiano wake nayo.

Sasa vyeti. Taiwan haimo katika Mkataba wa Hague wa 1961, ule unaotosheleza kwa hati moja ya uthibitisho, kwa hiyo kazi inakwenda kwa mnyororo: kila ofisi inathibitisha sahihi na muhuri wa ofisi iliyotangulia. Cheti cha kidato kinaanzia Baraza la Mitihani, cha kuzaliwa kinaanzia RITA, kisha vinakwenda Wizara ya Mambo ya Nje, na mwisho ofisi ya uwakilishi inathibitisha sahihi ya Wizara. Ukiruka hatua moja, ofisi ya mwisho haina sahihi ya kulinganisha na itakurudishia karatasi zako. Nimeona watu wakitoka Kasulu hadi Dodoma mara mbili kwa kuruka hatua moja. Tafsiri ya vyeti nayo mwulize chuo kwanza, kabla hujalipa mtafsiri.

Taipei huzigawia ofisi zake za nje nchi za kuhudumia, na nchi isiyo na ofisi huwekwa chini ya ofisi ya nchi nyingine. Mgawanyo huo, fomu na ada vimo kwenye tovuti ya idara ya kikonseli ya wizara yao ya mambo ya nje, anwani yake inaishia na gov.tw. Binti aandikie ofisi husika mwenyewe kwa barua pepe iliyotajwa hapo.

Swali lako la tatu ndilo zito. Mkataba wa 1963, kifungu cha 36, unamtaka mwenyeji akimkamata mgeni amweleze haki yake ya kuwasiliana na konseli ya kwao. Binti yako Taipei hana konseli ya kwao, kwa kuwa Tanzania haina ofisi kule. Ofisi itakayompa viza inafanya kazi ya Taiwan, haitamtetea Mtanzania. Sheria za Taiwan zinamlinda kama mgeni mwingine yeyote: polisi ni 110, gari la wagonjwa na zimamoto 119, na 1990 ni namba ya maelekezo kwa wageni. Baada ya kuishi miezi sita mfululizo akiwa na kibali cha ukaazi, anaingia kwenye bima ya afya ya taifa. Kwa miezi hiyo ya mwanzo mkatieni bima kabla hajaondoka.

Hata ofisi zenyewe hukaa kwa hisani. Afrika Kusini ilikata uhusiano na Taipei mwishoni mwa 1997, ikabakiza ofisi ya mawasiliano Pretoria. Mwaka 2024 serikali ikaitaka ofisi hiyo iondoke mji mkuu huo. Ubalozi kamili ungekuwa na mkataba wa kushika mkononi. Kwa hiyo hakikisha anwani siku unayotuma nyaraka, usitegemee karatasi ya mwaka juzi.

Kubwa la mwisho ni pasipoti. Ikiisha muda akiwa kule, hakuna pa kuifanyia upya Taipei. Itabidi ashughulike na ubalozi wetu wa nchi nyingine, kama Tokyo au Seoul. Pasipoti yetu ya kielektroniki hudumu miaka 10. Kama aliyonayo imebakiza michache, nendeni Uhamiaji mkoa wiki hii, mbadilishe kabla hajaomba viza, kwa sababu viza hufungwa na namba ya pasipoti. Nakala za kila cheti zibaki kwako Ujiji, na namba ya ubalozi wa Tokyo aiandike kwenye daftari, si kwenye simu pekee.