Usibishane na ua, angalia bua linatokea wapi

Ukishapiga magoti kwenye kinamasi ukaangalia ule mmea mdogo mwekundu wenye matone yanayong'aa kama umande wa asubuhi, na ukaona mbu amenasa pale anahangaika huku vinyweleo vinamkunjia taratibu, basi umeshanaswa na wewe. Nazungumzia Drosera, mimea inayokula wadudu. Kwenye vinamasi vya mboji, yaani udongo wa mimea iliyooza nusu, vya Ulaya na Amerika Kaskazini kuna tatu ambazo watu wanazichanganya sana: Drosera rotundifolia, Drosera intermedia na Drosera anglica. Sehemu nyingi vinamasi hivyo vimekaushwa au mboji imechimbwa, kwa hiyo ukiandika jina lisilo sahihi kwenye rekodi za mimea unaweza kufanya spishi adimu ionekane ipo mahali ambapo haipo, na hilo ni jambo zito.

Rotundifolia haina shida. Jani lake ni duara kama kifungo cha shati, limelala chini, na kikonyo chake kina vinyweleo. Kazi iko kwa hizo mbili zingine.

Mimi misimu miwili mizima niliandika anglica kumbe ni intermedia. Nilikuwa naangalia urefu wa jani na rangi, basi. Sasa rangi haikusaidii kitu, maana mmea uleule ukiwa juani unakuwa mwekundu na ukiwa kivulini unabaki kijani, na intermedia ikiota kwenye maji yaliyotuama shina linarefuka mpaka mmea mzima unaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Maua nayo usiyategemee, ni meupe madogo, yanafunguka jua likiwaka kwa muda mfupi tu, halafu yanafanana mno. Siku moja mtu aliyenizidi uzoefu alichukua unyasi mmoja, akayasogeza majani taratibu bila kuushika mmea, akaniambia angalia bua la maua linatokea wapi. Nikaona. Lilikuwa linatokea ubavuni, chini ya majani ya juu, linapinda kwanza kama kiwiko halafu ndiyo linapanda juu. Hiyo ni intermedia. Kwa anglica bua linatoka katikati kabisa, limenyooka, na linayapita majani kwa mbali sana. Jani la anglica pia ni jembamba na refu, linasimama, wakati la intermedia ni fupi, limepanuka kuelekea ncha kama kijiko kidogo.

Halafu kuna mtego ambao watu wengi hawaujui. Rotundifolia na anglica zikiota jirani huwa zinazaa chotara, anaitwa Drosera × obovata, na jani lake linakaa katikati ya wazazi wake kwa hiyo linafanana kabisa na la intermedia!! Hapo bua ndilo linakuokoa tena, kwa sababu la chotara linatoka katikati na limenyooka. Ukitaka uhakika zaidi subiri vifuko vya mbegu vikauke, vya chotara havina mbegu za maana ndani. Sababu yake ni kwamba rotundifolia ina kromosomu 20, anglica ina 40, mtoto anabaki na 30 ambazo haziwezi kupangana vizuri kutengeneza mbegu. Na mbegu zenyewe zinasema mengi, chukua lenzi ya mkono: za anglica na rotundifolia ni ndefu zimechongoka huku na huku, za intermedia ni za mviringo wa yai na zimejaa vipele vidogo. Kwangu hii ndiyo alama ninayoiamini kuliko zote, ila inataka subira.

Mahali ilipoota panakupa fununu tu, siyo jibu. Rotundifolia mara nyingi iko juu ya vile vichuguu laini vya Sphagnum (kuvumwani wa kinamasini), intermedia iko chini kwenye mboji tupu iliyolowa, anglica inapenda penye maji zaidi, lakini nimeshaziona zote tatu ndani ya hatua chache. Na majira ya baridi usijisumbue, zote zinajikunja kuwa kijichipukizi kimoja kilichofungana.

Tafadhali usiung'oe mmea ili kuuangalia. Piga picha tatu: jani kwa juu, kikonyo kwa karibu, na chini pale bua linapoanzia, hiyo ya tatu ndiyo watu wote wanaisahau. Kanyaga palepale ulipokanyaga wakati wa kuingia maana alama ya buti kwenye Sphagnum inakaa muda mrefu sana, na ukiweka picha mtandaoni zima kwanza ile lokesheni ya simu, wapo wanaoichimba mimea hii na kuiuza.

Zile rekodi zangu za misimu miwili nilizipitia upya moja moja, na pale ambapo picha haikuonyesha bua linatokea wapi nilifuta anglica nikaandika Drosera tu, bila jina la pili.