Maswali yenu: meli za Norwe na makala ya mawe

Safari iliyopita niligusia Norwe, ambayo katika vita vya 1914-1918 haikushika upande wowote. Maswali yamekuja, nami najibu.

Mwalimu, kama Norwe haikupigana, meli zake zilizamaje? (Mwanafunzi, Kampemba)

Torpedo haisomi bendera, mdogo wangu. Kuanzia Februari 1917 nyambizi za Ujerumani zilizamisha meli yoyote iliyokaribia Uingereza, ya adui au ya jirani. Hadi vita vinaisha, Norwe ilikuwa imepoteza karibu nusu ya uwezo wa meli zake na mabaharia wapatao 2,000.

Si wangezifunga tu bandarini? (Mama wa Kenya, mtaa wetu, si ile nchi)

Halafu wale nini, mama? Nafaka ilitoka ng'ambo, makala ya mawe Uingereza. Na Waingereza walijua pa kubana. Majira ya baridi ya 1916-1917 walizuia makala hayo, kwa kosa ambalo sisi watu wa shaba tunalielewa upesi: Norwe ilikuwa bado inawauzia Wajerumani mawe yenye shaba. Fikiria siku Zambia inapofunga mahindi na unga unavyoruka bei hapa Lubumbashi, kisha ongeza theluji. Mwaka huohuo wa 1917 walipatana: meli nyingi za Norwe zikodishwe kwa Waingereza, makala yaje.

Na Marekani ilitoa chakula bure? (Papa dereva, njia ya Kasumbalesa)

Bure? Papa, wewe unapita mpakani kila wiki! Norwe ilimtuma Fridtjof Nansen, yule mvumbuzi wa nchi za barafu, aende Washington kujadili chakula hicho. Marekani ilitaka Norwe ipunguze inachowauzia Wajerumani. Serikali ya Norwe ikasitasita miezi na miezi, huku nyumbani mkate ukigawiwa kwa kadi. Tarehe 30 Aprili 1918 Nansen akatia sahihi mkataba kwa uamuzi wake mwenyewe. Wapo wanaosema alivuka mpaka wa kazi yake. Mimi ningetia sahihi mapema zaidi.

Asingetia sahihi, ingekuwaje? (Huyohuyo dereva)

Waulize Waholanzi. Nao walikuwa wakijadiliana na kuvutana, Ujerumani ikiwatazama kutoka ng'ambo ya uzio. Tarehe 20 Machi 1918 Marekani ikazitwaa meli zao 87 zilizokuwa kwenye bandari zake, kwa sheria ya kale inayomruhusu aliye vitani kutumia meli ya mgeni na kumlipa fidia. Uholanzi ilipinga kwa barua kali. Meli zikaenda kubeba mizigo ya vita.