Kutoka Access hadi Python: kufundisha Kompyuta ya Gredi ya 10 kwa mashine 12

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Kompyuta katika shule ya kutwa karibu na Voi. Miaka yote nimefundisha somo hili kwa mtaala wa 8-4-4. Sasa nimepewa Gredi ya 10 ya mtaala mpya, wanafunzi 44. Maabara ina kompyuta 12 zinazowaka, zote za Windows 7, na hatuna intaneti. Chuoni nilisoma lugha ya programu ya Visual Basic; Python, lugha nyingine ya programu, naijua kwa jina tu. Kidato cha Tatu na cha Nne bado wananitegemea kwa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Mwalimu mkuu naye anauliza kwa nini nisiendelee na Word na Excel, maadamu kila mwanafunzi anatakiwa kujua ICT. Nibadilishe nini, niache nini, na mradi wa mwanafunzi niutathmini vipi ili usiwe wa kununua saiberi?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, nianze na la mwalimu mkuu kwa sababu ndilo litakalokupa au kukunyima vipindi. Katika sekondari ya juu kuna mambo mawili yanayofanana kwa jina na hayafanani kwa kazi. Kuna ujuzi wa ICT, ambao wanafunzi wa mikondo yote mitatu wanaupata ili uwasaidie katika masomo mengine: kuandika ripoti, kutumia lahajedwali, kutafuta habari. Halafu kuna somo la Kompyuta lenyewe, somo la kuchagua katika mkondo wa STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), upande wa sayansi tekelezi pamoja na Kilimo na Sayansi Kimu. Hilo lina sehemu ya misingi ya kompyuta, sehemu ya mitandao na sehemu ya uundaji wa programu. Aliyechagua somo hili akamaliza mwaka anapamba barua kwa Word amepewa ICT mara mbili, na Kompyuta hajapewa. Mweleze mwalimu mkuu hivyo hivyo, ukiwa na nakala ya mtaala wa KICD, taasisi inayoandaa mitaala, mkononi.

Mabadiliko yenyewe ni makubwa kuliko yanavyoonekana kwenye jedwali la mada. Katika 8-4-4, sehemu kubwa ya Kidato cha Pili iliishia kwenye programu za ofisini, na mwanafunzi alikutana na misingi ya programu Kidato cha Tatu, zaidi kwa sudokodi (hatua za programu kwa maneno ya kawaida) na chati mtiririko kwenye daftari. Karatasi ya pili ya KCSE ikampima kwa lahajedwali, hifadhidata na uchapishaji. Karatasi ya tatu, ule mradi, kwa wengi ikawa fomu za Access, programu ya hifadhidata, zenye vitufe vya rangi. Sasa uundaji wa programu unaanza Gredi ya 10, na mwanafunzi anatarajiwa kutengeneza kitu kinachofanya kazi. Mwalimu aliyezoea kuonyesha menyu ipi ibonyezwe anatakiwa aweze kutazama mistari 15 ya mwanafunzi na kujua kwa nini inatoa jibu lisilo sahihi. Hiyo ni kazi nyingine kabisa, na naona hapo ndipo mtaala huu utasimama au kuanguka. Mashine zinafuata baadaye.

Uingereza ilipita njia hii kabla yetu. Januari 2012 waziri wa elimu, Michael Gove, alitangaza kuliondoa somo la ICT kwa sababu lilikuwa limegeuka mafunzo ya Word na Excel, na kuanzia Septemba 2014 shule za England zikaanza somo la Kompyuta lenye kuandika programu. Wazo lilikuwa zuri. Walimu wa ICT, ambao wengi wao hawakuwahi kuandika programu, waliachwa wajitafutie. Novemba 2017 taasisi ya wanasayansi ya Royal Society ikatoa ripoti: asilimia 54 ya shule hazikuwa na somo hilo katika GCSE, mtihani wa vijana wa miaka 16, na kati ya watahiniwa watano msichana alikuwa mmoja tu. Ni baada ya hapo serikali ikatenga mamilioni ya pauni kwa kituo cha kitaifa cha kuwafunza walimu, miaka mitatu baada ya mtaala kuanza. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu naona walimu wetu wakikabidhiwa vitabu vipya na semina ya siku chache. Wewe usingoje. Visual Basic uliyosoma haijapotea bure: masharti, marudio na uhifadhi wa thamani ni vile vile, kinachobadilika ni uandishi. Tumia likizo moja kuandika programu ndogo ndogo mwenyewe, na umtafute mwalimu wa shule ya jirani mkosoane. Kumtangulia mwanafunzi kwa sura moja ya kitabu kunaweza kukutosha katika mada ya mitandao, lakini hakutakutosha katika marudio, maana hapo maswali yao hutoka pembe ambazo kitabu hakikuziwaza.

Kuhusu Windows 7: toleo la mwisho la Python linalokubali mfumo huo ni 3.8. Faili yake ya kusakinisha haifiki megabaiti 30, kwa hiyo ipakue kwa simu au popote penye mtandao, itie kwenye flashi, uisambaze mashine hadi mashine. Inakuja na kihariri chake, IDLE, na baada ya hapo huhitaji intaneti tena. Ukijaribu toleo jipya litakataa kusakinika, na nimeona walimu wakidhani mashine zimekufa ilhali ni toleo tu.

Wanafunzi 44 kwa kompyuta 12 wasikutishe. Wagawe nusu kwa nusu. Wanafunzi 22 wakikaa wawili wawili wanajaza mashine 11, na ya 12 inabaki ya akiba, kwa kuwa kipanya au kibodi lazima igome katikati ya kipindi. Nusu nyingine wanakaa kwenye madawati na karatasi. Hao wa karatasi hawangoji zamu, wanafanya kazi iliyo ngumu kuliko ile ya kwenye skrini. Andika hii ubaoni:

jumla = 0
for nauli in [50, 70, 100]:
    if nauli > 60:
        jumla = jumla + nauli
print(jumla)

Waambie wachore jedwali lenye safu mbili, nauli na jumla, wafuate mstari kwa mstari, kisha waandike kitakachotokea kwenye skrini. Wengi watasema 220, kwa kuwa jicho limejumlisha nauli zote bila kusoma sharti. Jibu ni 170. Hapo sasa sogeza print ndani kwa nafasi nne, iwe sambamba na if, uwaulize tena. Safari hii itachapisha mara tatu: 0, 70, 170. Isogeze nafasi nne nyingine iwe chini ya sharti, na 0 inatoweka, zinabaki 70 na 170. Mwanafunzi aliyeyabaini haya matatu kwa kalamu ameelewa marudio, sharti na maana ya nafasi za pembeni katika Python. Baada ya dakika 20 nusu hizo zinabadilishana, na waliokuwa kwenye karatasi wanaingia kuhakiki walichotabiri.

Mtindo huu umefanyiwa utafiti. Sue Sentance na wenzake huko Uingereza wameupanga katika hatua tano: kutabiri, kuendesha, kuchunguza, kurekebisha, na mwisho kuunda. Kosa la kawaida ni kumrusha mtoto kwenye hatua ya tano siku ya kwanza. Anakaa mbele ya skrini tupu, ananakili ubao, anakosea alama ya nukta mbili (:), anakata tamaa.

Umeona nimetumia majina nauli na jumla. Python haijali. Maneno yake yenyewe kama for na if ni machache na wanafunzi watayazoea, ila majina wanayobuni wao yawe ya lugha wanayofikiria nayo. Kadhalika mifano: michango ya chama, alama za netiboli, deni la dukani. Na kwenye zile jozi, sema wazi kwamba anayeshika kibodi anabadilishana na anayeelekeza kila baada ya dakika kumi. Usipolisema, wavulana wataishika hadi kengele, na ile takwimu ya msichana mmoja kwa watano tutaijenga wenyewe hapa nyumbani. Somo hili linadai pia Hisabati kamili, si ile nyepesi ya mikondo mingine, kwa hiyo msichana aliyefikia hapo amekwisha kuonyesha kwamba anaweza. Asikwame kwa sababu ya kibodi.

Mradi sasa. Ule wa Karatasi ya Tatu sote tunajua ulivyokuwa: mwanafunzi anapewa miezi, anafanyia asikoonekana, analeta kabrasha zuri lililofungwa vizuri. England nao waliumia. Walikuwa na kazi ya saa 20 ya kuandika programu, yenye asilimia 20 ya alama za GCSE. Maswali na majibu yakasambaa mtandaoni, na Januari 2018 msimamizi wa mitihani, Ofqual, akaamua kwamba alama za kazi hiyo hazitahesabiwa katika matokeo ya mwaka huo na uliofuata. Siku hizi simu yenye akili mnemba inaandika mradi mzima kwa dakika moja. Onyo peke yake halitasaidia.

Ninachokushauri ni kufanya mradi udogo na ufanyikie mbele yako. Kila wiki mwanafunzi ahifadhi nakala yenye tarehe kwenye jina la faili, duka_0603, duka_1303, na za zamani zisifutwe; kazi halisi huonekana ikikua, ikiwa na makosa na marekebisho. Siku ya kutathmini keti naye dakika tano na umpe badiliko moja ambalo hakulitarajia: "Programu yako inakataa bei hasi? Basi ifanye ikatae na sifuri, sasa hivi." Aliyeiandika atajua mstari wa kugusa hata kama mikono inatetemeka. Aliyeinunua ataanza kusoma programu yake kama mgeni. Alama nyingi ziweke kwenye badiliko hilo na maelezo yake, chache kwenye urembo. Kwa wanafunzi 44 zoezi hili litakula takriban saa nne. Lianze mapema muhulani, watano sita kwa kila kipindi cha vitendo.

Kidato cha Tatu na cha Nne usiwachanganye na haya. Mtaala wao ni ule ule hadi KCSE ya mwisho mwaka 2027, na Access wanaihitaji. Gombania maabara mapema: kabla ya ratiba kufungwa, andika wiki ambazo Kidato cha Nne watahitaji mashine kwa mradi wao, na kwa wiki hizo Gredi ya 10 uwapangie mitandao au muundo wa kompyuta. Mada hizo zinafundishika vizuri darasani. Fungua mashine mbovu, uweke kichakataji, RAM (kumbukumbu ya muda) na diski mezani, wazishike.

Bodi ikikuuliza inunue nini, usiombe intaneti kwanza, wala meza mpya. Omba diski za SSD, zile za kasi, za ukubwa mdogo kabisa unaopatikana, pamoja na RAM ya kufikisha kila mashine gigabaiti 4. Mashine ya Windows 7 inayochukua dakika nne kuwaka inakula sehemu ya kumi ya kipindi cha dakika 40 kabla hujasema neno. Fungua moja kabla ya kuagiza, uthibitishe kwamba kiunganishi cha diski ni cha SATA na RAM inayotumika ni ya DDR2 au DDR3, kwa sababu haziingiliani. Nunua ya mashine moja, ipime wiki nzima, halafu ndipo uagize za nyingine 11.