Jibu: Jupiter-8 ya babu kwenye Leica ya dijitali

Ndugu yangu, umeuliza kama Jupiter-8, lenzi ya Kisovieti aliyokuachia babu, itakaa kwenye kamera ya Leica M ya dijitali. Itakaa, ikiwa ni ile ya kufunga kwa nyuzi za milimita 39 (zipo pia za kamera za Kiev, hizo ni tofauti). Basi tafuta adapta ya kuipeleka M, nene milimita 1 tu. Chukua ile inayoleta fremu ya 50, yaani mistari ya lenzi ya milimita 50 unayoiona kwenye kitazamio.

Kazi iko kwenye fokasi. Baadhi ya lenzi za Kisovieti hazipatani vizuri na Leica. Kwenye filamu kosa dogo lilijificha, dijitali haifichi kitu. Weka kamera kwenye stendi, fungua tundu la lenzi hadi f/2 (upana wake wote), lenga kitu kilicho mita 1, piga, kisha kuza picha. Ukali ukiangukia mbele au nyuma ya ulipolenga, mpe fundi airekebishe. Usiifungue mwenyewe (mimi nilijaribu, skrubu moja ikamezwa na zulia hadi leo).

Ila kabla ya kununua chochote, imulike kwa tochi. Huku Entebbe, kwa unyevunyevu wa ziwa, fangasi hupenda sana vioo. Zangu nimezihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko, pamoja na vifuko vya silika vinavyonyonya unyevu. Na ukiielekeza juani picha itapauka. Ndivyo ilivyo, haijaharibika.