Ekzosi ya Kelele Inavyokula Hesabu ya Bodaboda

Kijana anayeendesha bodaboda upande wa Buzuruga, hapa Mwanza, ameniandikia kwamba pikipiki ya tajiri wake imeshikiliwa kituo cha polisi kwa sababu ya ekzosi iliyokatwa, naye anauliza: "Kaka, kosa la elfu kumi tu, kwa nini wasinipe karatasi nikalipe nikaendelea na kazi?" Nimeamua kumjibu hapa, kwa kuwa swali lake linamhusu kila mtu anayemiliki pikipiki moja leo na kuota kumi kesho, na ninaamini wengi mnaonisoma mmo katika kundi hilo.

Hiyo elfu kumi ni kweli. Tangu bajeti ya mwaka 2021/22 faini ya kosa la barabarani kwa pikipiki na bajaji ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000. Hata hivyo, kulipa faini si kununua kibali. Chombo kikiondoka kituoni na bomba lilelile, kosa limeondoka nacho, na askari atakayekisimamisha Igoma hana sababu ya kujali kwamba asubuhi ulilipia Mkuyuni. Tena Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haiko peke yake, kwani kelele zinaguswa pia na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 pamoja na kanuni za mwaka 2015 za viwango vya kelele na mitetemo, zinazosimamiwa na NEMC, baraza la taifa la mazingira, na adhabu za huko hazifanani kabisa na elfu kumi.

Mimi nilianza biashara hii kwa pikipiki moja ya mkataba pale Kirumba, na tangu siku ya kwanza nilikataa dereva wangu yeyote kugusa ekzosi ya kiwandani. Nilichekwa sana. Mmiliki mwenzangu, mtu niliyekuwa nikimheshimu kama kaka, alisema mbele ya kijiwe kizima kwamba pikipiki zangu ni za kubebea masista kwenda kanisani, na dereva wangu mzuri kuliko wote akanirudishia funguo siku ileile akahamia kwake. Iliniuma, na sitajifanya kwamba imekwisha kuniuma. Ulipofika msako wa hivi karibuni wa polisi dhidi ya ekzosi za kelele, pikipiki zake kadhaa zililala kituoni huku zangu zikipakia abiria. Dereva yule amenipigia simu akiomba kurudi, nami nimemwambia asubiri.

Wanaokata ekzosi huamini kwamba pikipiki inapata nguvu. Mwaka huu niliisimamia kazi ya fundi mmoja wa Mabatini aliyekuwa akiifungua pikipiki ya namna hiyo. Sailensa ilikuwa imekatwa kwa msumeno wa chuma nyuma kidogo ya shingo, vyumba na vibomba vyenye matundu vinavyovunja mawimbi ya sauti vimetolewa vyote, na mahali pake pamechomelewa kipande cha bomba la maji. Fundi alipochomoa plagi, ncha yake ilikuwa nyeupe kama chokaa, dalili kwamba injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta na inachemka kupita kiasi. Hiyo nguvu wanayoisikia ni sauti tu, kwa sababu kabureta imepangwa kwa ajili ya ekzosi ya kiwandani na haibadiliki kwa kuwa wewe umebadilisha bomba. Sitaki hata kuanza habari ya wale wanaozima na kuwasha swichi wakiwa kwenye mwendo ili mafuta yasiyoungua yalipukie ndani ya bomba kama baruti, tena wakipandisha kilima cha Hospitali ya Bugando, kulikolazwa wagonjwa wa mikoa yote ya Kanda ya Ziwa.

Anayeumia kwanza ni dereva mwenyewe. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wengi wa usalama kazini ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila zinapoongezeka desibeli tatu muda salama hupungua kwa nusu, kwa hiyo kwenye desibeli 94 mtu amebakiwa na saa moja tu. Kijana anayekalia bomba la wazi kuanzia alfajiri hadi usiku anaacha masikio yake barabarani, na masikio yakishakufa hayana spea. Vijana, acheni kuita ujeuri ujanja! Mji wetu umejengwa juu ya mawe, na mawe hayanyonyi sauti bali huirudisha. Usiku hewa iliyo juu ya maji ikipoa huipinda sauti na kuirudisha chini, ndiyo maana pikipiki inayopita barabara ya Makongoro huwaamsha watu walio mbali kabisa na barabara hiyo.

Kwa mwenye swali: mwambie tajiri wako anunue ekzosi nzima ya aina ya pikipiki hiyo na aende nayo kituoni pamoja na fundi, aombe ifungwe hapohapo kabla ya chombo kutoka, kisha alipe kwa namba ya malipo ya serikali na ahifadhi risiti. Aangalie pia madeni mengine kwa namba ya usajili, kwa sababu faini ndogondogo hujikusanya bila mmiliki kujua.

Kwa wamiliki: ekzosi ya kiwandani, nawaambia tena, ekzosi ya kiwandani. Iandikwe kwenye mkataba kwamba dereva akiibadilisha bila ruhusa, faini ni yake, gharama ya kurudisha ya kiwandani ni yake, na siku ambazo chombo kitalala kituoni hesabu, yaani fedha anayompelekea mmiliki, itaendelea kudaiwa kama kawaida. Mkataba huo usainiwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa, kila upande ubaki na nakala, na picha ya ekzosi iliyopigwa siku ya makabidhiano ibanwe humo humo.