Wakija kupima pwani yenu wakitaka iwe hifadhi

Jamani siku hizi naona shehia nyingi zinaitiwa mikutano, mara upembuzi yakinifu, mara eneo la urithi, na wanaokaa viti vya mbele ni walewale wenye boti. Mimi nimewahi kufuatana na wapimaji huku Pemba nikiwa mwandishi wao, na ushauri wangu kabla hamjasema ndiyo wala hapana ni huu: wapimaji waingie pwani maji yakipwa, tena bamvua, zile siku bahari inatoka mbali kabisa, na waongozwe na kinamama.

Mana kinamama ndo wanaojua wapi panachokolewa pweza, wapi pana chaza, mwani unahamishiwa wapi maji yakiwa ya moto. Sasa mkutano unaitishwa saa nne asubuhi siku ya bamvua, saa hizo huku kwetu bahari ndo imetoka na wao wako pwani, nani atakuja? Watakuja wasiokwenda pwani, watasaini mahudhurio, ishaandikwa jamii imeshirikishwa. Ombeni mkutano uwe maji mafu, siku ambazo bahari haitoki mbali.

Halafu ulizeni mstari unapita wapi na ndani yake kinakatazwa nini, mana hifadhi hazifanani. Chumbe tangu 1994 huvui kabisa, Ghuba ya Menai tangu 1997 watu wanavua ila wanabanwa kwenye zana, Misali (1998, baadae 2005 ikaingia kwenye hifadhi kubwa ya Mkondo wa Pemba) kuna upande umefungwa na upande uko wazi. Na hapo Misali wavuvi wanapiga dago, yaani kambi za muda za kuvulia, toka zamani, kwa hivyo mtu akiandika tu "kisiwa hakina wakaazi" keshawafuta.

Kwenye urithi wengi wanakimbilia magofu, Ras Mkumbuu, Pujini kwa Mkama Ndume, msikiti wa Kizimkazi wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria yaani 1107. Sawa, lakini kuna mapango watu wanapeleka nadhiri, makaburi yanayoliwa na bahari, pahala pa kuundia ngalawa, hayo hayamo kwenye ramani na wazee hawamwambii mgeni siku ya kwanza, nami nawaelewa. Wapimaji wawe na kijana wa hapo hapo, awaamkie wazee vizuri, na kabla ya kuandika kitu awaulize kama wanataka kijulikane, kwasababu pengine ukishapaandika tu kesho watalii hao na kamera zao.

Pesa pia msione haya kuuliza. Kiingilio kinagawanywaje, kamati ya wavuvi ya shehia ina sauti gani, mafuta ya boti ya doria analipa nani mradi ukiisha? Hili la mafuta watu hucheka, na ndo linaloamua kama hizo sheria zitafuatwa.

Ripoti ikitoka nakala ibaki kwa sheha, kwa Kiswahili. Ikija ya Kiingereza peke yake irudisheni.