Anzeni bajeti na mtu wa mapokezi

Katika bajeti ya kwanza niliyoshiriki kuiandaa kwa ajili ya kituo cha huduma jumuishi za vijana, tulitenga fedha za ukarabati, samani, mafunzo na hata hafla ya uzinduzi, lakini hatukutenga chochote kwa ajili ya mtu wa kumpokea kijana na kumfuatilia baada ya siku ya kwanza. Gharama ya kosa hilo niliielewa nilipomwona binti mmoja aliyekuja kutibiwa maumivu ya kichwa, akaeleza kwa sauti ya chini kwamba usingizi ulimpotea tangu wiki nyingi, akapewa karatasi ya rufaa ya kwenda kwa mnasihi katika chumba cha tatu kwenye ukumbi uleule. Aliikunja karatasi ile mara nne, akakaa kidogo kwenye benchi, kisha akaondoka. Mnasihi alikuwapo siku hiyo. Aliyekosekana ni wa kumsindikiza.

Kwa hiyo ninawashauri mnaopanga huduma hizi muandike bajeti kwa kufuata nyayo za kijana, tangu anapoingia mlangoni hadi miezi kadhaa baadaye, na kila mahali anapoweza kupotea pawe na mtu anayelipwa kwa kazi ya kumshika mkono. Huduma huwa jumuishi pale kijana anaposimulia habari zake mara moja tu, na wanaomhudumia kwa afya ya mwili, afya ya akili, matumizi ya dawa za kulevya, masomo na ajira wakashauriana wao kwa wao kwa ridhaa yake. Kuweka vyumba vingi chini ya paa moja hakutoshi.

Mpaka wa umri nao upangwe mapema. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana 1 kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili, lakini mifumo mingi humwondoa kwenye huduma za watoto anapotimiza miaka 18, wakati ambao mara nyingi ndipo anapomaliza shule au kuhama nyumbani. Mtandao wa vituo vya afya ya akili vya headspace nchini Australia, ulioanzishwa mwaka 2006, huhudumia vijana wa miaka 12 hadi 25, na naona uamuzi huo una busara kubwa.

Kuhusu fedha, ugumu hauko kwenye uchache peke yake, ingawa uchache ni wa kweli, kwa kuwa serikali duniani hutenga kwa afya ya akili takriban asilimia 2 tu ya bajeti zao za afya. Ugumu mwingine ni kwamba afya, elimu, ustawi wa jamii na ajira kila moja ina fungu lake, na kila upande hudhani mwenzake ndiye atakayemlipa mnasihi. Andikeni makubaliano yanayotaja nani analipa nini, kwa muda gani, na nani atachukua mzigo mfadhili akiondoka. Fedha za mradi zifae kwa kuanzishia. Mishahara iingizwe mapema kwenye bajeti ya kawaida ya serikali, kwa sababu kijana aliyezoeana na mnasihi kisha akakuta mkataba umekwisha hatarudi kwa urahisi kwa mwingine.

Wahudumu wasio wataalamu wanaweza kusaidia sana: nchini Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wazee wa mitaani kuwasikiliza kwenye mabenchi watu wenye msongo wa mawazo. Hata hivyo, kazi hiyo inahitaji msimamizi wa kitaalamu wa kuwasikiliza wasikilizaji wenyewe, na muda wake una gharama. Vijana mnaowaita kutoa maoni nao walipwe kama washauri wengine.

Mfadhili akiuliza kipimo cha mafanikio, mpeni idadi ya vijana waliorudi mara ya pili, pamoja na sababu za wale ambao hawakurudi, hata kama idadi ya waliohudhuria mafunzo ingependeza zaidi kwenye ripoti.